Dhamana ya Anemoni

Katika hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim imo ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Wengi tumeisikia tangu chuoni kama hadithi ya ukatili, lakini kosa la yule mwanamke limeelezwa kwa sehemu mbili: hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Mimi hii sehemu ya pili ndiyo inayonishughulisha. Kabla ya kufungiwa, paka yule alikuwa na riziki yake. Mlango ulipofungwa, riziki ile ikahamia shingoni mwa aliyeufunga. Anayemzuia kiumbe anajitwika yote ambayo kiumbe huyo alikuwa akipewa na Muumba wake huko nje.

Nyumbani kwangu Mombasa nina tangi la kioo la maji ya bahari, na ndani yake yumo anemoni mmoja, wa aina ambayo wataalamu huiita Entacmaea quadricolor. Kwa asiyemjua: anemoni ni mnyama, si ua, ijapokuwa amejishika mwambani na minyiri yake inapepea majini. Hana ubongo wala moyo. Ana mdomo mmoja, unaopokea chakula na kutoa taka, na neva zilizotandazwa mwilini mwote. Ndani ya nyama yake wanaishi vimwani visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao.

Mjomba wangu, aliyevua samaki maisha yake yote, alikuja kunitembelea akainama mbele ya kile kioo kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu alikosa nini?" Hakuwa anatania. Nilimkaribisha chai, nikamwambia nitalifikiria.

Nimelifikiria, na nimeanza kwa kuhesabu nilichomnyima. Baharini angekuwa na jua la maji mafupi, kwa hiyo taa inayomtosha samaki haimtoshi yeye. Vimwani vyake vikikosa mwanga, naye anakonda. Angekuwa na chumvi isiyoyumba, gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji. Tangini maji hupaa na chumvi hubaki, kwa hiyo kila asubuhi naongeza maji matamu yaliyochujwa, si maji ya bahari, na kupima kabla na baada. Angekuwa na mkondo wa kumletea chakula na kuondoa uchafu, na tangini mkondo huo ni pampu inayotegemea umeme, na umeme wetu tunaujua. Joto linalomfaa ni nyuzi 25 hadi 27. Mwezi wa Machi hapa kwetu chumba chenyewe hupita hapo, basi feni hupuliza juu ya maji mchana kutwa.

Joto si jambo dogo. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipozidi joto, matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa. Anemoni hupauka vivyo hivyo: vimwani humtoka, akabaki mweupe, na njaa ikaanza. Madukani anemoni mweupe namna hiyo huonekana mzuri kuliko wenziwe. Mnunuzi humchagua kwa weupe wake, kumbe amechagua mgonjwa.

Tena anemoni hujieleza, kwa mtu anayemtazama. Asiporidhika na mahali huachia mwamba na kuhama, mara nyingi usiku, na pampu isiyofunikwa sifongo mdomoni humvuta na kumkatakata. Akiwa mzima, mguu wake umeng'ang'ania jiwe na mdomo umefumba. Nikimpa kipande cha kamba, mnyiri mmoja hukigusa na kunata, wa pili na wa tatu hujikunja juu yake, halafu mwili mzima hukusanyika kuelekea katikati, polepole, mpaka kipande hakionekani tena. Mdomo ukikaa wazi na kulegea, maji yakaanza kunuka, anakufa. Tangi jipya la wiki chache humfikisha hapo kwa urahisi, maana maji yake bado hayajatulia. Heri mtu angoje miezi mingi kabla ya kumtia.

Kuna watakaosema: yote haya kwa ajili ya nini, ikiwa hana hata ubongo? Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1789 kwamba swali la kuuliza juu ya wanyama ni kama wanaumia. Ni kipimo chenye huruma, na kimewaokoa farasi na mbwa wengi. Lakini kwa anemoni kinatuacha gizani, kwa kuwa hakuna anayeweza kutuhakikishia kama anaumia au haumii. Qur'ani haikuanza hapo. Inatufundisha kwamba viumbe ni umma kama sisi, na kwamba kila kitu kinamtukuza Mungu kwa namna tusiyoifahamu. Haki ya anemoni kwangu inatoka huko. Haingojei maabara ithibitishe maumivu yake.

Na mapenzi peke yake hayalipi deni. Philip Henry Gosse alikuwa mtaalamu wa viumbe na mhubiri, mtu mcha Mungu aliyeona katika kila dimbwi la pwani ya Devon kazi ya mikono ya Muumba. Mwaka 1854 alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kufuga viumbe vya bahari majumbani. Waingereza wakamiminika ufuoni na vikapu na patasi. Mwanawe, Edmund, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1907 jinsi madimbwi yale yalivyokwanguliwa yakabaki matupu, na jinsi jambo hilo lilivyomhuzunisha baba yake. Sina shaka na mapenzi ya mzee yule. Ndiyo maana kisa chake kinanitisha.

Kisa kingine kimenifunza habari ya muda. Mwaka 1828 Sir John Dalyell, mtaalamu wa viumbe, aliokota anemoni katika pwani ya North Berwick, Scotland, akamweka ndani ya gudulia la kioo. Akambadilishia maji ya bahari na kumlisha kome. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akapokelewa na mwingine, naye akafa, akapokelewa na mwingine tena. Watu walimwita Bibi. Alikufa mwaka 1887, baada ya miaka 59 kifungoni. Anemoni hazeeki kama sisi. Anayemfuga vizuri ajue kwamba huenda amechukua amana itakayomzidi umri.

Je, basi ni haramu? Sisemi hivyo. Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimuulizia habari zake, wanazuoni wakapata humo ruhusa ya kufuga ndege. Nami wangu sikumtoa mwambani. Aina hii hujigawa yenyewe, mmoja akawa wawili, na huyu ni nusu ya anemoni wa rafiki yangu wa Nyali, ambaye naye yupo bado. Nimemwandika katika wasia pamoja na vitabu: nikifa, arudi kwa rafiki huyo, na akiwa hayupo, apewe mtu mwenye tangi lililokomaa, si mtu mwenye hamu tu.

Mjomba nilimjibu hivi: hakukosa kitu, na kwa kuwa hakukosa kitu, deni lote ni langu. Alitikisa kichwa, akasema deni la namna hiyo yeye asingelichukua. Namheshimu kwa hilo.

Nawe unayetaka kumnunua, muulize muuzaji ametoka wapi. Akikwambia ametolewa mwambani wiki hii, mwache. Mtafute aliyejigawa tangini mwa mtu. Na kabla hujamleta nyumbani, uwe umeshapata mtu aliyekubali kumpokea siku utakaposhindwa au utakapoondoka duniani.