Mwaridi na Jirani Zake

Masomo: Mithali 13:20, Luka 13:6-9



Mtu anayeotesha mwaridi mbele ya nyumba yake hushughulika kwanza na shimo, samadi na maji. Kisha huja swali la pili: kando yake nipande nini? Bustani haikubali nafasi tupu. Usipopanda wewe, magugu yatajipanda yenyewe. Sisi wa Ifakara na bonde zima la Kilombero tunalijua hilo, maana masika yakianza, ukiliacha shamba majuma mawili hulitambui tena.

Swali hilo la bustani ni swali la roho pia. Mithali inatufundisha kwamba mwenendo wa mtu huongozwa na wale anaoandamana nao, kwa heri au kwa shari. Basi tujifunze kwa mwaridi mambo matatu.

Kwanza, jirani mwema si lazima afanane nawe. Mwaridi ukisongamana na mwaridi mwenzake, vyote viwili hugombea chakula kile kile. Hewa haipiti, majani hukaa na unyevu, na ugonjwa wa madoa meusi huhama kutoka mmoja hadi mwingine. Lakini yako maua ya rangi ya chungwa, ya jamii ya mbangimwitu, ambayo majani yake yana harufu kali. Baadhi ya aina zake hupunguza minyoo midogo ya ardhini inayovimbisha mizizi ya mimea. Hakuna apelekaye ua hilo kwa bibi harusi, lakini hufanya kazi yake chini ya udongo, mahali ambapo hakuna wa kulisifu. Vivyo hivyo kunde katikati ya mahindi: hufunika ardhi isikauke, vinundu vya mizizi yake huvuta naitrojeni ya hewani, na mabaki yake yakioza huacha chakula kwa zao linalofuata.

Enyi wazazi, mnapochagua wadhamini wa ubatizo, mnatazama nini? Mdhamini amepewa kazi ya kumwombea mtoto na kumwongoza katika imani mpaka afike mbele ya Askofu kwa kipaimara. Je, ni mara ngapi tumemchagua mtu kwa sababu ana duka, au kwa sababu atanunua nguo ya sherehe? Muulize Mungu hivi: mtoto wangu atapungukiwa nini, na nani anacho? Nanyi vijana mnaotafuta wachumba, ulizeni vivyo hivyo.

Pili, si kila kinachochanua ni jirani mwema. Wakulima wanakijua kiduha. Ua lake ni zuri, na mgeni angeweza kulichuma aweke mezani. Lakini mizizi yake imejishikiza katika mizizi ya mahindi au mpunga wa mlimani na kuunyonya. Siku unapokiona juu ya ardhi, madhara yamekwisha kuanza zamani. Wako marafiki wa namna hiyo. Huchanua mwezi wa Julai, mpunga ukiisha kuuzwa na fedha ikiwa mfukoni. Humsifu mtu kilabuni mpaka ada ya shule imalizike, na mkewe anapouliza huambiwa ana wivu. Ndugu yangu, ukitaka kumjua rafiki, mtazame mwezi wa Februari, wakati ghala ni tupu na palizi inakungoja.

Dawa yake ni nini? Huko Kenya, karibu na Ziwa Victoria, watafiti wa kituo cha ICIPE pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walianza katika miaka ya 1990 kuwafundisha wakulima njia iitwayo sukuma-vuta. Katikati ya mahindi hupandwa mmea uitwao desmodiamu, na kulizunguka shamba hupandwa mabingobingo. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua, na mabingobingo huwavuta nje ya shamba. Tena mizizi ya desmodiamu hukizuia kiduha kisijishikize. Basi usimwambie kijana wako tu, “Achana na wale.” Mpandie wengine mahali pao: kwaya, kikundi cha vijana, mzee mmoja wa kanisa anayemjua kwa jina lake.

Tatu, tusiligeuze jambo hili kuwa ubaguzi. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22:9, ilikataza kuchanganya mbegu katika shamba la mizabibu, na mtu aweza kulishika neno hilo ili kumkataa jirani wa kabila lingine. Lakini Bwana wetu alitoa mfano wa mtini uliopandwa ndani ya shamba la mizabibu. Mwenye shamba hakuulaumu kwa kuwa mgeni kati ya mizabibu. Aliulaumu kwa kukosa matunda. Na mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutilia samadi.

Katika bonde hili wako Wandamba, Wapogoro na Wabena, na wako Wasukuma waliokuja na mifugo yao. Tunajua magomvi ya wakulima na wafugaji yalivyoleta machozi. Ng’ombe akiingia katika mpunga ni hasara. Samadi yake ikiletwa shambani ni baraka. Ng’ombe ni yule yule. Kilichopungua ni mpaka ulio wazi na watu wanaosalimiana. Mkristo asiwe wa mwisho kwenda kuzungumza na jirani yake.

Na sasa neno la mwisho. Tumeuliza nani apandwe kando yetu. Tuulize pia: mimi nimepandwa kando ya nani, naye anastawi au ananyauka? Mwembe mkubwa unaweza kuunyima mwaridi jua bila kuuchukia. Mume mkali, mama mkwe asiyeridhika, mzee wa kanisa asiyewaachia vijana nafasi, kila mmoja atazame kivuli chake. Juma hili, kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, mtaje mmoja aliye chini ya kivuli chako, umwendee.

Tuombe: Ee Bwana, Mtunza shamba mwema, utupe wenzetu watakaotusaidia kukuzalia matunda. Utuondolee urafiki unaotunyonya kwa siri. Utufanye sisi wenyewe kuwa jirani wema, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.