Juu ya Kusahihisha Sentensi ya Mtu

Swali ninalotaka kulitazama ni dogo kwa umbo, lakini si jepesi. Mwalimu anaposahihisha sentensi ya Kiingereza ya mwanafunzi wa chuo kikuu, je, anahukumu nini? Anahukumu lugha, au anaihukumu akili iliyoitunga? Wengi wetu hujibu kwamba ni lugha tu. Mimi nami nilijibu hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku niliposahihisha sentensi moja ya maneno matano.

Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza alichelewa kuleta insha, akaniandikia barua fupi ya kuomba radhi. Ndani yake aliandika: "I was stolen my money." Nilikuwa na kalamu nyekundu, na mkono wenye kalamu nyekundu hauna subira. Niliikata sentensi, nikaandika juu yake, "My money was stolen," nikamrudishia karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwalimu," akaenda zake. Usiku ndipo iliponijia kwamba binti yule alikuwa ameniambia kuwa ameibiwa, nami sikumwambia hata pole.

Tuitazame sentensi yenyewe. Kwa Kiswahili angesema, "Niliibiwa fedha zangu," na hakuna mwanachuoni ambaye angemkosoa. Kitenzi kuiba hushika kitu kilichochukuliwa. Kikitiwa kauli ya kutendea, kikawa kuibia, humshika mtu aliyepatwa na hasara. Na kuibiwa ni hali ya mtu huyo. Kwa hiyo mwenye hasara hukaa mwanzo wa sentensi, na fedha humfuata nyuma. Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo. Kitenzi "steal" hushika kitu kilichochukuliwa, basi mtu akijitanguliza mbele yake katika kauli ya kutendwa, Mwingereza husikia kwamba mtu mwenyewe ndiye aliyebebwa na wezi. Binti hakukosa fikira. Alichukua kanuni iliyo sahihi katika nyumba moja, akaingia nayo katika nyumba nyingine.

Ndivyo ilivyo pia kwa yule aandikaye, "the man whom I saw him." Neno letu niliyemwona lina "ye" na "mw" ndani yake, na vyote viwili vyamwelekea mtu yule yule. Aliyeandika hivyo hakuongeza neno kwa uzembe, aliogopa kupunguza. Sisemi kwamba kila kosa lina nasaba njema kama hizi. Yapo makosa ya haraka, na yapo ya uvivu, nami nimeyasoma mengi. Lakini mwalimu asiyejua lugha anayotoka mwanafunzi hawezi kuyatenga haya na yale, na hakimu asiyeweza kutenga hana budi kudhulumu.

Jambo hili halikuonekana kwetu peke yetu. Mina Shaughnessy, aliyefundisha City College mjini New York, alipitia maelfu ya insha za vijana walioingia chuoni humo baada ya milango yake kufunguliwa kwa wengi mwaka 1970. Katika kitabu chake cha mwaka 1977 alionyesha kwamba makosa yaliyodhaniwa kuwa ya ovyo yalikuwa na mantiki yake, na kwamba aliyehitaji kusoma kwanza ni mwalimu.

Wako wanaosema: basi makosa tuyaache. Sikubaliani nao hata kidogo. Katika Tanzania watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kikuu kwa Kiingereza. Kijana aliyevuka kivuko hicho atasomwa na mtahini, na baadaye na mwajiri, na hao hawatakuwa na habari ya kauli ya kutendea. Mwalimu aliachaye kosa kwa huruma amemficha mwanafunzi deni ambalo wengine watamdai, tena mbele ya watu. Huruma ya namna hiyo ina kiburi ndani yake, kwa kuwa humwona mwanafunzi kama mtu asiyeweza kujifunza.

Mwaka 1944 kilitoka kitabu cha E. O. Ashton cha sarufi ya Kiswahili, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kikawafaa wageni wengi. Wageni hao tumewasikia wakisema "kitabu yangu" na "watu mbili." Tulitabasamu, tukaelewa, na wengine wetu tukawasahihisha. Sikumbuki mtu aliyesema kwamba mgeni huyo hana akili. Sijui kwa nini ukarimu huo hutuishia tunapomkuta kijana wetu katika lugha ya wengine.

Tena sahihisho langu lenyewe lilikuwa na upungufu. "My money was stolen" ni Kiingereza safi, lakini fedha zimekaa pale alipokuwa amekaa mtu. Binti alitaka kusema habari zake. Mimi nikamfanya aseme habari za fedha. Na Kiingereza hakikunilazimisha, maana kina kitenzi kingine, "rob," ambacho humshika mtu aliyenyang'anywa.

Juma lililofuata nilimwita. Nilimwomba aniambie kwa Kiswahili alichotaka kusema, akasema, nikamweleza vitenzi vile viwili, akaandika, "I was robbed." Aliitazama kwa muda.

"Na fedha, mwalimu, zinakaa wapi?"

"Zinakuja nyuma yako, binti yangu, zikitanguliwa na 'of.'"

Akaongeza maneno matatu. Ndipo nikampa pole iliyochelewa siku saba. Akacheka, akasema asante, nauli amekwisha kuazimwa na mwenzake.