Nani Alisemee Ziwa?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mjini Babati katazo hilo si la kwenye karatasi tu: nyumba na bustani zinalisogelea ziwa lenye viboko, na mwaka 1990 ziwa hilo lilifurika na kuuharibu mji. Hata hivyo, anayejenga ndani ya mita hizo hamdhuru jirani yeyote siku anapochimba msingi. Wakili akisimama mbele ya Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Manyara, kuupinga ujenzi huo, anamsemea nani? Ziwa haliwezi kumpa wakili maelekezo, na watakaofikwa na mafuriko huenda hawajazaliwa.

Fikra kongwe ya sheria ni kwamba kesi ni ya aliyeumia. Aliyeibiwa ng'ombe ndiye mlalamikaji. Mpita njia hana lake. Fikra hiyo inafaa kwa ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe ana mwenyewe. Kwa maji, hewa na miteremko ya Mlima Kwaraa haifai, maana madhara yake husambaa kwa watu wengi mno, na hakuna anayeona fungu lake linatosha kumpeleka mahakamani.

Ubaya wa fikra hiyo ulionekana Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa ajili ya dampo lililowatesa kwa moshi na uvundo. Walishinda, na Jiji lilipoomba kuongezewa muda Jaji Lugakingira alikataa, akitaja haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakafungua shauri, nao wakashinda. Ulikuwa ushindi wa kweli mara zote mbili, lakini shauri la Tabata lilipoamuliwa hapakuwa na mtu wa kuisemea Mtongani. Mzigo ulihama kutoka kwa waliokwisha kulalamika ukawaangukia wasiojua kwamba unakuja.

Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila la mwaka 1993, Jaji Lugakingira huyohuyo aliisoma ibara hiyo kuwa inamruhusu mtu kutetea maslahi ya umma hata kama yeye hakuguswa. Mwaka 2020 Bunge liliubana mlango huo kwa kumtaka anayedai haki za msingi aeleze katika kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Kenya ilikwenda njia nyingine. Ibara ya 70 ya Katiba yake ya 2010 haimtaki mwombaji wa shauri la mazingira aonyeshe kwamba yupo mtu aliyepata hasara au kuumia.

Wanaotetea mlango mwembamba wana hoja nzito. Wakili asiye na mteja hana wa kumzuia. Anaweza kulisemea ziwa kwa namna ambayo wavuvi wake wasingekubali kamwe. Lakini kuwepo kwa walioumia nako hakutoshi. Huko Basotu, Hanang, Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake walilishtaki NAFCO, shirika la umma lililotwaa ardhi kwa mashamba ya ngano. Walikwenda wenyewe, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo: kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi, wala wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Watu wenye jeraha walisikilizwa, lakini wakashindwa kuthibitisha haki juu ya ardhi waliyokuwa wakiishi.

Kwa hiyo dawa ya msemaji aliyejiteua ni kumdai ushahidi na kuwaunganisha wavuvi na wakulima katika shauri, si kumfungia mlango. Sheria ya mwaka 2004 yenyewe inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza, yaani wakati ambapo hakuna aliyeumia bado. Ikiwa mtaalamu anatakiwa kuyapima madhara hayo mapema, mahakama haina sababu ya kusubiri majeruhi ndipo iyasikilize.