Namba ya Ofisini

Tukisikia neno saikopathi, wengi wetu tunawaza mtu mwenye macho makali na kisu mkononi. Jean-Claude Romand wa Ufaransa alikuwa mpole, mume na baba wa watoto wawili. Kwa miaka 18 aliishi kwa uongo, na watu wakaja kumjua kama daktari, mtafiti wa Shirika la Afya Duniani mjini Geneva. Udaktari hakuwa nao, wala kazi. Alipokuwa mwaka wa pili chuoni hakutokea kwenye mtihani, akawaambia wazazi amefaulu, na uongo mwingine ukafuata. Kila asubuhi aliaga nyumbani, akaenda kushinda ndani ya gari kwenye maegesho, au kuzurura kwenye misitu ya Jura. Jioni alirudi kama mtu aliyetoka kazini.

Alikula nini? Fedha za wazazi, wakwe na jamaa. Aliwaambia kwamba kwa cheo chake angewawekea akiba Uswisi kwa riba nzuri, nao wakampa. Hapa najiona mimi mwenyewe. Ndugu msomi, mwenye kazi ya heshima ughaibuni, akiniambia "lete nikuwekee", nitaanzia wapi kumdai risiti? Si ataona nimemdharau?

Na dalili zilikuwapo. Mkewe akimhitaji mchana alimwita kwa peja, kisha Romand ndiye aliyempigia simu. Simu ya ofisini haikutumika kabisa. Mwaka 1988 baba mkwe aliomba arudishiwe sehemu ya fedha zake. Baada ya muda mfupi akaanguka kwenye ngazi, akafa, na aliyekuwa naye nyumbani ni mkwewe peke yake. Romand amekana siku zote kwamba alimsukuma, na hakuna aliyethibitisha vinginevyo. Lakini swali la fedha lilizikwa pamoja na mzee. Mjane akauza nyumba, na fedha akamkabidhi mkwe yule yule!

Januari 1993, rafiki mmoja alipokuwa akimdai na siri ikikaribia kufichuka, Romand alimuua mkewe, watoto wake na wazazi wake, kisha akaichoma nyumba. Yeye akaokolewa. Wachunguzi walipouliza Geneva, waliambiwa hakuna mfanyakazi wa jina hilo.

Wataalamu waliomchunguza walizungumzia narsisizimu, yaani kujikweza kupita kiasi, hali inayokaribiana na usaikopathi bila kuwa kitu kimoja. Kipimo cha usaikopathi cha Robert Hare wa Kanada kina vipengele 20, na hujazwa na mtaalamu aliyefunzwa, kwa mahojiano na kumbukumbu za maisha ya mhusika. Basi tusimbandike jina hilo shemeji tusiyempenda. Kazi yetu ni nyepesi zaidi: kabla ya kutoa fedha, tuombe hati yenye jina letu, tuipigie benki wenyewe, tumtembelee mtu kazini kwake. Akiuliza kwa nini humwamini, mwambie hata kaka yako ungemwomba hivyo hivyo.