Aibu ya Aliyepunguzwa Kazini ni ya Nani?



Mwezi huu twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya neno ambalo watu wengi hulisema kwa sauti ndogo. Mtu akipunguzwa kazini, naye hakuiba wala hakulewa wala hakumtukana bwana wake, je, aibu ile ni ya nani? Maana aibu ipo, twaiona kwa macho. Lakini haijulikani vema ni nani apaswaye kuibeba.

Mwaka 2020, katika miezi ile ya ugonjwa wa Korona, tulikuwa tukipita kila asubuhi katika barabara kuu iendayo Moshi. Hapa Maji ya Chai tulimkuta mara nyingi ndugu mmoja amesimama kituoni, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na viatu vyake vinang'aa. Alikuwa mpishi katika hoteli moja ya wageni. Tulimwamkia, tukamwambia, "Kazi njema, baba." Naye akatuitikia, "Ahsante, Mchungaji." Ikawa hivyo siku nyingi.

Hata wiki ya saba mkewe akaja nyumbani kwetu akilia. Mtoto wao alikuwa ameugua usiku, simu ya mumewe haikupatikana, basi akaenda mwenyewe hotelini kumwita. Akakuta lango limefungwa kwa mnyororo, na mlinzi akamwambia ya kuwa wafanyakazi waliondolewa tangu mwezi wa Aprili. Kumbe mumewe alikuwa akiondoka kila alfajiri, watu wakiisha kumwona kituoni hupanda njia ya Ngurdoto, akaketi chini ya miti hata jioni, ndipo arudi nyumbani kama atokaye kazini. Na fedha aliyomkabidhi mkewe mwisho wa mwezi haikuwa mshahara, ilikuwa mkopo. Dhamana ya mkopo ule ilikuwa sehemu ya kihamba alichoachiwa na marehemu baba yake.

Tulipomwuliza kwa nini amefanya hivi, alitujibu, "Mchungaji, mtu asiye na kazi hapa kwetu huitwaje? Nilitaka nibaki baba kwa siku chache tena."

Twakiri ya kuwa siku ile tulimkemea. Tulimwambia ya kuwa uongo ni uongo, na ya kuwa amemkosea mkewe. Neno hilo lilikuwa kweli, wala hatuliondoi. Lakini usiku ule hatukupata usingizi, kwa kuwa swali lake lilitugeukia sisi. Mtu huyo huitwaje? Tukakumbuka usharika mmoja tuliopata kuutumikia, ambako majina ya wasiomaliza ahadi zao yalisomwa mbele ya watu wote, nasi tuliyasoma kwa kinywa chetu. Tukakumbuka vikao vya arusi, ambako mgeni huulizwa kwanza, "Wewe wafanya kazi wapi?" na jibu lake ndilo limpalo kiti cha mbele au cha nyuma. Yule ndugu hakujifunza uongo wake chini ya miti ya Ngurdoto. Aliyemfundisha kuogopa ni sisi.

Basi na tupime jambo hili kwa mfano ulio karibu nasi. Mahali petu huitwa Maji ya Chai, na kila mtu ajua ya kuwa jina hilo latokana na rangi ya maji ya mto. Tena twajua ya kuwa maji ya pande hizi za Mlima Meru yana madini mengi ya floridi, yatokayo katika mawe ya volkano. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yangali yakijengeka, humea meno yenye rangi ya kahawia, nayo haiondoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Kijana wetu akienda Dar es Salaam, wako wamchekao wakidhani ya kuwa hasafishi kinywa chake. Hapa kwetu hakuna amchekaye, kwa kuwa tunajua habari ya maji. Doa ni lake, lakini kosa si lake.

Ndivyo alivyo aliyepunguzwa kazini wakati uchumi wa nchi unapoanguka. Doa laonekana kwake, lakini maji yalikuja na doa tangu chanzoni. Mwaka 2019 walifika Tanzania watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walifika 620,867 tu. Mwezi Aprili mwaka ule ndege za abiria kutoka nchi za nje zilizuiwa, na zilipofunguliwa tena mwezi Mei wageni walikuwa wachache sana. Wapishi, madereva, wapagazi na wachonga vinyago wakakosa riziki pamoja. Na mwaka 2023 watalii walifika zaidi ya milioni 1.8. Basi twauliza: Je, watu wa Meru walishikwa na uvivu mwezi Aprili 2020, kisha bidii yao ikawarudia mwaka 2023? Hakuna mtu mwenye akili atakayesema hivyo.

Wala si mara moja tu Arusha kuona jambo hili. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyokuwa na makao yake makuu mjini, ilivunjika. Makarani waliokuwa na nyumba na mshahara wa hakika wakajikuta hawana mwajiri. Tarehe 31 Desemba 2015 ilifungwa ile Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na wengi waliofanya kazi ndani yake au kwa ajili yake wakatafuta pengine. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na katika nchi yetu wako wauguzi na madereva wa miradi walioambiwa wasirudi kazini. Katika habari hizi zote neno lilikatwa mbali, na aliyelisikia nyumbani mwake hakuulizwa kitu.

Labda msomaji atasema, "Mchungaji, je, hakuna wavivu? Tena mtume Paulo hakuwaonya Wathesalonike juu ya mtu asiyefanya kazi?" Twajibu: wavivu wapo, na onyo lile tunalishika. Lakini lisomeni vizuri. Mtume alisema habari ya mtu asiyetaka kazi, hakusema habari ya mtu asiyeipata. Naye Bwana wetu, katika mfano wa shamba la mizabibu, alitaja watu waliosimama sokoni hata saa ya kumi na moja. Mwenye shamba aliwauliza sababu, nao wakasema hakuna aliyewaajiri. Hakuwaita waongo, wala hakuwataka walete mashahidi. Aliwapeleka shambani. Basi tofauti ya asiyetaka na asiyepata ni kubwa, na mtu aichanganyaye amshuhudia jirani yake uongo, hata kama hakufumbua kinywa, bali alimtazama tu.

Hata hivyo hatusemi ya kuwa aliyepunguzwa hana wajibu wowote. Anao.

Kwanza, amwambie mkewe, au mumewe, siku ile ile. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Deni la wiki ya kwanza laweza kulipwa kwa mbuzi mmoja, lakini deni la wiki ya saba hula shamba.

Pili, aijue haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri atangulie kutoa taarifa, aeleze sababu za kupunguza watu, na kushauriana nao. Tena mtu aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo au zaidi astahili kiinua mgongo kisichopungua ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hata kufikia miaka 10. Akiona ameachishwa pasipo haki, apeleke shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Kudai haki si kukosa shukrani.

Tatu, asidharau kazi ndogo wakati aitafutapo kubwa, wala asimpe fedha yule amwambiaye ya kuwa ana nafasi ya kumwuzia. Ajira ya haki hainunuliwi.

Nne, akumbuke ya kuwa ajira na kazi si kitu kimoja. Ajira ni mapatano ya watu wawili, na mmoja wao aweza kuyavunja kwa barua moja. Bali kazi ya kulea watoto, ya kumtunza mzee, ya kupalilia migomba, ya kumfundisha kijana ufundi aujuao, hiyo hakupewa na mwajiri, wala mwajiri hawezi kumnyang'anya. Yule ndugu alidhani ubaba wake ulikuwa katika barua ile. Haukuwamo.

Na sisi tulio na mshahara bado, wajibu wetu ni upi? Haitoshi kuacha kucheka. Hapa kwetu hatukuridhika kuwahurumia watoto kwa meno yao, kwa maana Ngurdoto kiliwekwa kituo cha kutafuta njia ya kuondoa floridi, na watu wakajifunza kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Vivyo hivyo na tuyachuje maji ya maneno yetu. Tusisome majina ya wenye upungufu hadharani. Tumwulize mgeni habari ya nyumbani kwake kabla ya habari ya kazi yake. Mwenye kusikia nafasi ya kazi asiifiche kwa ajili ya ukoo wake tu. Na wazee wamwendee aliyepunguzwa wiki ya kwanza, kama waendavyo kwenye msiba, wasingoje aitwe kwa sababu ya deni.

Msomaji atataka kujua mwisho wa yule ndugu. Alianza kuuza chapati na supu kando ya barabara, mahali pale pale alipokuwa akisimama amevaa shati jeupe, na baadaye akapata tena kazi ya upishi, kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza. Mkewe alimsamehe. Lakini ile sehemu ya kihamba haikurudi, ina mwenyewe mwingine sasa, na migomba ya baba yake imekatwa.

Twaipita mara kwa mara. Wiki saba tulimwambia, "Kazi njema," wala siku moja hatukusimama kumwuliza, "Hujambo kweli, ndugu yangu?" Kwa hiyo, mtu akituuliza aibu ile ilikuwa ya nani, hatuwezi kuitwika yeye peke yake. Fungu letu limo.

Kaeni kwa amani.