Wazo la Leo: Mwalimu wa Tabora

Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoanzishwa mwaka 1925 hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, ilimpokea Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, mwaka 1937. Naye baada ya kusoma Chuo cha Makerere alirudi katika mji huohuo, akafundisha shule ya St. Mary's. Kwa hiyo Elimu ya Kujitegemea aliyoitoa mwaka 1967 akiwa Rais wa Tanzania, yaani sera iliyotaka shule imwandae kila mtoto kwa maisha ya jamii yake badala ya kuwachuja wachache wa kuendelea na sekondari, iliupinga, tena kwa haki kabisa, upendeleo uliomlea yeye mwenyewe. Azimio la Musoma la chama tawala, TANU, la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, akiwamo mtoto wa mkulima wa Puge, mkoani Tabora.