Mzazi Ahamaye kwa Ajili ya Shule

Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa San Antonio, katika jimbo la Texas huko Marekani, ameniandikia barua, na barua yake imeninyima usingizi. Asema hivi: “Mjomba, shikamoo. Wewe umefundisha miaka zaidi ya 30, basi nijibu. Mkataba wa nyumba tunayopanga unakwisha. Mkubwa ana miaka 11, mdogo ana 6. Nikihamia viunga vya kaskazini watasoma katika shule isifiwayo, lakini nyumba za huko ni ghali, itanibidi kufanya kazi ya usiku. Nikikaa hapa, shule ni ile ile ambayo katika mtandao imepewa alama 3 katika 10. Wenzangu waliotangulia wamekwisha kuhama wote. Je, mzazi mwema afanye nini?”

Wasomaji wengine watacheka na kusema ya kuwa hilo si swali, kila mtu amtakia mwanawe mema. Nami nilisema hivyo siku ya kwanza. Siku ya pili nilikumbuka jambo nililolifanya mwenyewe zamani, na tangu hapo sikucheka tena. Lakini kwanza sharti nieleze desturi ya huko, maana asiyeijua hawezi kuona kwa nini nyumba na shule zimefungwa kamba moja.

Huko Marekani shule za serikali hazitozi ada. Nchi imegawanyika katika wilaya za shule zaidi ya 13,000, na mtoto kwa kawaida husoma katika shule ya wilaya anamolala. Fedha za shule hutoka katika serikali kuu kidogo, na katika serikali ya jimbo. Sehemu nyingine kubwa, chini kidogo ya nusu, hutoka kwa watu wa mahali penyewe, na hasa katika kodi ya nyumba na ardhi. Basi palipo na majumba makubwa kodi huingia nyingi, na palipo na vibanda huingia haba. Huku kwetu mtu apendaye shule ya kulipia hupeleka ada kwa mhasibu wa shule. Huko ada humlipa mwenye nyumba. Mwaka 1999 mtaalamu mmoja wa uchumi, Sandra Black, alionyesha neno hili kwa hesabu. Alizilinganisha nyumba za viunga vya Boston zilizo karibu karibu, ila mpaka wa shule umepita katikati yao, akaona ya kuwa alama za shule zikizidi kwa asilimia 5, wazazi hukubali kulipa asilimia 2 na nusu zaidi kwa nyumba. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Kilichouzwa ni mstari katika ramani.

Na mji huo wa mpwa wangu una habari yake katika jambo hili, nami namwonea ajabu kijana kwamba amekaa humo miaka yote hiyo asiijue. Upande wa magharibi wa San Antonio iko wilaya ya shule iitwayo Edgewood, nayo mwaka 1968 ilikuwa na wanafunzi 22,000 hivi, wengi sana wa jamii ya Wameksiko. Maili chache kutoka hapo upo mji mdogo wa Alamo Heights, uliozungukwa na San Antonio, wa watu wenye nafasi. Watu wa Edgewood walijitoza kodi kubwa kuliko wote wa eneo lile: dola 1 na senti 5 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Wa Alamo Heights walijitoza senti 85 tu. Sasa tazama mavuno. Kodi ile ya Edgewood ilileta dola 26 kwa kila mtoto kwa mwaka. Kodi ya Alamo Heights, iliyo ndogo, ilileta dola 333. Hata baada ya kuongezwa fedha za jimbo na za serikali kuu, mtoto wa Edgewood alipata dola 356 na mwenzake 594. Wale waliojinyima zaidi ndio waliopata kidogo. Nimeisoma hesabu hii mara nyingi, nikidhani nimekosea mahali. Sikukosea; imo katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe.

Maana wazazi wa Edgewood walishitaki. Aliyetangulia jina lake katika kesi ni Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kituo cha ndege za kijeshi. Walifungua kesi mwaka 1968, wakashinda mara ya kwanza, na mwaka 1973 wakashindwa katika Mahakama ya Juu, waamuzi 5 kwa 4. Walirudi wakasimama mbele ya mahakama za jimbo lao, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Texas ikakubali ya kuwa mpango ule ulivunja katiba ya jimbo. Mwaka 1993 ikatoka sheria ya kuzilazimisha wilaya tajiri kutoa sehemu ya kodi yao kwa nyingine. Kwa hiyo mambo ya leo si kama yalivyokuwa mwaka 1968, nami sitaki msomaji adhani hivyo. Lakini hesabu miaka: mtoto aliyekuwa na miaka 6 kesi ilipofunguliwa, alikuwa na miaka 27 siku ya hukumu ile ya Texas. Haki ilikuja, lakini yeye alikuwa amekwisha kutoka darasani zamani.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Kuitengeneza shule ni kazi ya miaka 20. Utoto wa mtu haungoji miaka 20. Mtu akimwambia mpwa wangu, “Kaa, upigane kama Rodriguez,” amemwambia neno jema, lakini gharama yake italipwa na mtoto wa miaka 6 ambaye hakuulizwa. Sioni ya kuwa mzazi ana ruhusa ya kumtoa mwanawe awe ushahidi wa wema wa baba yake. Twawasifu walinzi wanaosimama mahali pao, lakini mtoto si mlinzi.

Tena wanaohama hawakuizua desturi hiyo. Mwaka 2011, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, mama mmoja alifungwa gerezani siku 9 kwa kuandika anwani ya nyumba ya baba yake, ili binti zake wasome katika wilaya ya babu yao. Baadaye gavana alimpunguzia uzito wa hatia. Yeye alitaka kile kile anachokitaka mpwa wangu. Tofauti ni kwamba hakuwa na fedha za kununua nyumba upande ule wa mstari. Mwenye fedha akivuka mstari huitwa mzazi mwenye busara, na asiye nazo huitwa mwongo. Mimi siusifu uongo, lakini nashindwa kumtupia jiwe.

Sasa tuulize, anayevuka anunua nini? Mimi mwalimu naziogopa alama hizi za 3 katika 10. Mwaka 1966 James Coleman na wenzake waliikabidhi serikali ya Marekani taarifa kubwa juu ya shule, na neno lake lililowashitua watu ni hili, kwamba tofauti za watoto katika mitihani zilielezwa na nyumba walizotoka kuliko fedha au majengo ya shule. Hili kila mwalimu alijua, ila hatulisemi siku ya kutoa zawadi. Nimepata kupigiwa makofi kwa ajili ya darasa lililofaulu, na nusu ya darasa lile walikuwa wana wa makarani na wauguzi, wenye taa na vitabu nyumbani. Na mwaka mwingine niliwatoa watoto wa wakata mkonge kutoka kutojua herufi hata wakasoma barua za baba zao, nikakemewa kwa kuwa mitihani haikupanda. Mwaka upi nilifundisha vizuri zaidi? Alama zile za mtandao, kwa sehemu kubwa, hupima mitihani. Na mitihani, kwa sehemu kubwa, hupima ukwasi wa jirani.

Lakini sitaki kusema ya kuwa mahali si kitu. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilianza jaribio katika miji 5, nayo ni Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Jamaa 4,600 hivi za watu maskini walipigiwa kura, na baadhi yao wakapewa msaada wa kodi ya kupanga kwa sharti la kuhamia mitaa yenye maskini wachache. Wataalamu walipowapima watoto miaka iliyofuata, alama zao za shule hazikupanda, na wengi wakasema jaribio limeharibika. Ndipo mwaka 2015 Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walipowatazama watoto wale wakiwa watu wazima. Waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na mapato yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 31 hivi. Waliohama wakiwa wakubwa kuliko hapo hawakupata faida, na pengine walipata hasara kidogo. Basi alama hazikupanda, lakini maisha yalipanda. Hilo laonyesha ya kuwa mtoto hupata faida mtaani pia, kwa watu awaonao kila siku na kwa miaka anayokaa nao. Na lamgusa mpwa wangu, kwa kuwa mkubwa wake amebakiza miaka 2 tu.

Sasa nije kwenye jambo langu, nililolikumbuka siku ile ya pili. Mwaka 1997 nalikuwa mwalimu katika shule moja ya msingi milimani Usambara. Mwanangu alikuwa darasa la nne, katika shule ile ile. Niliuza ng'ombe, nikamwondoa nikampeleka shule ya kulipia mjini. Tulitoka alfajiri kwa lori la mboga, kabla watu hawajaamka, maana niliona haya. Mwenyekiti wa kamati alinijia jioni akaniuliza neno moja tu: “Mwalimu, mpishi akikataa chakula chake mwenyewe, wageni nao wale?” Sikuwa na jibu. Katika miaka 2 mwenye duka akawaondoa wanawe, na bwana mganga wa zahanati akawaondoa wake. Wakulima hawakuwaondoa wao, kwa kuwa hawakuwa na ng'ombe wa kuuza. Watoto 5 au 6 si wengi katika shule ya watoto 300. Lakini mwenye duka ndiye aliyetukopesha saruji, na bwana mganga ndiye aliyejua kumwandikia afisa elimu barua isiyoweza kutupwa kapuni. Wao walipokosa sababu ya kuja katika mkutano, mkutano ukawa wa kuitikia tu. Choo kilichobomoka masika ya 1999 kilikaa hivyo hata nilipohamishwa.

Mwanangu alifaulu, na leo anajitegemea. Siwezi kusema ya kuwa najuta kwa ajili yake. Najuta ya kwamba niliondoka kama mwizi, nisiwaambie wenzangu ni nini kilichonitisha katika shule yetu, nami niliijua kuliko wao. Tena baada ya hapo, kila nilipotaka kusema katika kamati, nilinyamaza. Mpaka leo sijui kama mtu aliyeondoa mwanawe aweza kusemea watoto waliobaki, mimi sikujaribu.

Basi nilimjibu mpwa wangu hivi. Nilimwandikia kwamba akihama simwiti mwenye dhambi. Lakini atafute nyumba iliyo ndogo, hata kama ni mbovu, ambayo mshahara wa mchana waweza kuilipa, kwa sababu mtoto anayelala bila baba nyumbani amenunuliwa shule kwa kitu kilicho ghali kuliko shule. Akifika kule, ajue ya kuwa viunga vingi vya Marekani vina sheria zinazokataza kujenga nyumba za jamaa nyingi pamoja, na kuruhusu nyumba moja moja tu katika viwanja vipana. Na siku watu wanapoitwa mkutanoni kujadili nyumba za bei nafuu, wapingao kwa sauti kubwa mara nyingi ni wale waliohamia kwa ajili ya shule. Siku hiyo asikae nyumbani, wala asipige kura ya kufunga mlango aliopitia. Hilo kwangu ni zito kuliko kuhama kwenyewe. Nikamwambia pia aende asubuhi moja akae katika darasa la mdogo wake, katika shule hiyo ya alama 3, kabla ya kutia sahihi karatasi yo yote.

Barua yake ya pili ilifika juma lililopita. Alikwenda. Anasema darasa lina watoto 24, na wengine hawasemi Kiingereza nyumbani, kama wake. Na mwalimu, mama wa makamo, alijua ni mtoto yupi hakula asubuhi. Dari lavuja maji. Mkewe ameona nyumba ndogo ya kaskazini, nao wamepewa siku 10 za kufikiri. Ananiuliza, kama wakihama, je, aende kumuaga mwalimu yule na kumweleza sababu, au waondoke tu mwisho wa muhula. Hilo bado sijamjibu.